Mtungi Uliohesabiwa Mara Tano

Vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tunakisia gesi zamani, kabla ile kompyuta ya dirishani haijaletwa. Mlitaka kanuni. Kanuni zipo kwenye faili, kabati la pili, droo inayokwama. Ikigoma, inyanyueni kidogo kwanza ndipo mvute. Mimi nitawaandikia yasiyo kwenye faili. Madaraja niliyopanda na mishahara siandiki, maana hayawasaidii kitu na mengine nimeshasahau. Nitaandika habari za mtungi mmoja wa gesi, za geji za marehemu Mzee Msengi, na za wivu wangu kwa Anjela, mkuu wenu wa karakana. Huo wivu nautaja mapema ili msidhani kalamu imeteleza. Nilimwonea wivu miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na leo nimekaa kibarazani kwangu Mungaa, nimestaafu, kuku wananizunguka, bado namwonea.

Siku ya kwanza niliripoti karakana ya mkoa, Singida mjini, nikiwa na cheti cha ufundi wa baridi na viatu vilivyonibana. Nilimkuta Mzee Msengi, fundi mkuu, amelala chali chini ya mashine ya chumba cha baridi, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaiamkia ile miguu, "Shikamoo mzee." Ikaitikia marahaba, ikaniambia nilete sabuni. Nikadhani anataka kunawa, nikamletea sabuni na maji ya uvuguvugu na kitambaa juu yake. Alitoka uvunguni akanitazama kitambo. Kisha akaikoroga ile sabuni mpaka ikatoa povu, akalipaka kwenye maungio ya bomba, akalitazama. Mahali pamoja povu likaanza kuvimba polepole.

"Umeona inavyopumua?" akaniuliza. "Gesi haiongezwi kabla hujaona inakotokea. Ukiongeza kwanza, hujajaza mashine, umejaza hewa ya Singida."

Hilo ndilo somo langu la kwanza na mpaka leo sijapata linalolizidi. Fundi anayeitwa kwenye kiyoyozi na kuanza kufungua mtungi kabla ya kuomba sabuni, mrudisheni kwao.

Mzee Msengi alikuwa na geji mbili za shaba za kupimia msukumo wa gesi, zilizounganishwa, moja uso wa bluu, nyingine uso mwekundu, na mipira yake mitatu. Kioo cha ile nyekundu kilikuwa na ufa pembeni. Akimaliza kazi alizifuta, akazifunga ndani ya fulana yake kuukuu, akaziweka kwenye kisanduku cha mbao alichokitengeneza mwenyewe. Sisi wengine tulitumia geji za karakana, ambazo mishale yake ilisimama popote ilipojisikia. Nilizitamani zile geji za shaba tangu wiki ya kwanza. Nilijiambia kwamba mzee akistaafu zitakuwa zangu, na nani mwingine, maana nilikuwa peke yangu.

Miaka ile ya mwanzo nilizunguka sana. Kila bucha lenye chumba cha baridi, kila nyumba ya wageni yenye kiyoyozi, nilipajua. Zaidi ya hapo niliwajua mafundi wa vijijini, hawa wasio na cheti, waliojifunza kwa kufungua na kufunga. Nilikaa nao chini penye mafuta, tukala ugali wa mtama na mlenda kwenye sahani moja, tukaongea Kinyaturu. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Saidi, fundi wa hapa Mungaa. Waliniambia mambo yao yote: nani kaharibu kompresa ya mtu akakimbia, nani anaazima nini kwa nani. Sikuona kama huo ni ujuzi. Niliona ni maongezi tu ya kusubiri ugali uive.

Nikiwa na miaka sita kazini, akaletwa Anjela. Mzaliwa wa Nduguti, binti wa mwalimu, mdogo kwangu kwa miaka michache, mpole, mwandiko wake umenyooka kana kwamba ameandikiwa na mashine. Mwandiko wangu mnaujua. Mzee Msengi alikuwa akizisoma ripoti zangu kwa kuziweka mbali na uso, kisha karibu, kisha ananiita nimsomee. Za Anjela alizisoma amesimama, anakunywa chai.

Wiki yake ya pili tulikuwa na chumba cha baridi kilichonishinda. Siku mbili nimepaka povu kila ungio na hakuna kilichovimba. Anjela akaja, akapitisha kiganja chini ya bomba la nyuma, mahali ambapo sabuni yangu haikufika, akanusa vidole vyake.

"Kaka Hamisi, hapa pana mafuta. Gesi imetoka nayo."

Mzee Msengi akacheka. Siyo kwa kunicheka mimi, hapana, alicheka kwa furaha, mabega yakatikisika. Miaka sita nilikuwa sijawahi kumfurahisha yule mzee kiasi hicho. Nikasema, "Hongera dada," nikaenda kuosha kopo la sabuni lililokuwa safi. Kijiba cha roho kilinishika siku hiyo, na sikukitafutia dawa. Tangu hapo kila alichofanya nilikipima. Akisifiwa, chai yangu inakosa ladha. Akikosea, ambayo ilikuwa mara chache, nalala vizuri.

Sasa tuje kwenye gesi yenyewe. Siku moja ililetwa barua kutoka wizarani, na nyuma ya barua akaja mhandisi kutufundisha. Alianza na tunachokijua: gesi tuliyokuwa tukiitumia zaidi kwenye viyoyozi na vyumba vya baridi ni ile ya namba ishirini na mbili, na hakuna anayeitengeneza hapa nchini. Kisha akatuambia tusichokijua. Huko viwandani wanakoipika ishirini na mbili, kuna gesi nyingine inajitokeza pembeni bila kuitwa, ya namba ishirini na tatu. Wenye haja nayo ni wachache, kwa hiyo viwanda vingi vilikuwa vinaiachia iende zake hewani, na ikishafika juu inashika joto mara maelfu kuliko hewa ukaa.

Mzee Msengi akainua mkono. "Yaani nikijaza kiyoyozi cha Nduguti, kuna uchafu unatoka kwenye bomba la watu nisiowajua?"

"Ndiyo, mzee. Kila mtungi unaofungua, mwenzake ulishaachwa huko. Mdogo, lakini mbaya kuliko huu."

Kazi tuliyopewa ilikuwa hii: kila mkoa ukisie utahitaji ishirini na mbili kiasi gani kwa miaka inayokuja, wizarani wajumlishe, kisha wakokotoe ishirini na tatu itakayoachwa hewani kwa ajili yetu. Makisio yawe na mistari mitatu. Mmoja unaonyesha mambo yatakavyokuwa tukiendelea hivi hivi. Wa pili, tukiziba matundu badala ya kuongeza gesi kila mara. Wa tatu, tukiwa na mashine ya kunyonya gesi kuukuu, kuisafisha na kuirudisha kazini, ili isipikwe mpya. Na mashine hiyo mkoa wetu ungepewa moja tu. Ingewekwa upande ambao mstari wake unapanda zaidi.

Nilimwendea Saidi nikamwambia mashine inakuja, na kwa ninavyoona itakuwa upande wetu wa Ikungi, ajiandae. Saidi alifagia kona ya banda lake siku hiyo hiyo.

Tuligawana. Anjela kaskazini, Iramba na Mkalama, kwao. Mimi Ikungi na Manyoni, mpaka Rungwa kule mwisho wa barabara. Rungwa nilikwenda kwa ajili ya chumba kimoja cha baridi cha kambi ya wageni. Nilipofika nilikuta umeme wa jenereta ulishakatika siku nyingi, na chumba kimejaa ndoo za asali za wafugaji nyuki. Fomu iliuliza, "Chumba kinatumia nini?" Nikaandika: asali. Anjela aliposoma alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Msengi hakucheka. Aliniambia nirudi kwenye fomu niandike sifuri.

Kugawana safari kulinifaa. Kilichoniuma ni kwamba mzee alimpa Anjela kazi ya kuchora mistari na kuandika ripoti, mimi akanipa kuhakiki. "Atakachoandika Anjela, Hamisi apitie kila karatasi, kisha aweke sahihi," alisema. Nikaona nimewekwa kuwa karani wa binti niliyemtangulia miaka sita. Nilikubali kwa kichwa tu.

Kwenye upande wangu nilihesabu kwa namna niliyoizoea. Nilikuwa najua, kwa sababu Saidi aliniambia zamani, kwamba mafundi wa huku hawana mtungi kila mmoja. Wananunua mmoja kwa pamoja, unazunguka. Leo uko kwa huyu, kesho umepakiwa kwenye basi au pikipiki kwenda kwa mwingine, kama watu wanavyoazimana jembe. Kwa hiyo sikuuliza fundi ana mitungi mingapi. Niliuliza mtungi huu umetoka kwa nani na unakwenda kwa nani, nikaupima kwenye mzani, nikarudi baada ya muda nikapima tena. Namba zangu zikawa ndogo, lakini zilikuwa za kweli.

Katikati ya kazi hiyo nilifiwa na shemeji yangu aliyeolewa Nduguti, nikaenda msibani. Siku ya pili nilipita kumsalimia fundi Kiula, ana banda karibu na ofisi mpya za serikali, zile zilizojaa viyoyozi. Mlangoni palikuwa na mtungi wenye alama ya kiganja cha rangi ya bluu, mtu aliushika rangi haijakauka. Kesho yake wakati wa kurudi nikashuka Kiomboi kununua mkate. Kwenye banda la fundi mwingine, mtungi ule ule, kiganja kile kile, umenitangulia kwa pikipiki. Nikampigia Kiula simu.

"Mtungi wa kiganja ni wa nani?"

"Wetu sisi watano, kaka. Unazunguka."

"Dada Anjela alipokuja kuhesabu aliwauliza nini?"

"Aliuliza nina mitungi mingapi. Nikasema mmoja. Ningesemaje, na ulikuwa pale mlangoni?"

"Na wenzako?"

"Kila mmoja aliulizwa siku yake, ukiwa kwake. Wakasema mmoja."

"Hamkumwambia ni ule ule?"

Kiula akacheka. "Hakuuliza. Halafu yule ni mtu wa ofisini bwana. Tulimtolea kiti, tukamtafutia soda. Mtu umeshamkalisha kwenye kiti na soda mkononi, utaanza kumweleza habari za kuazimana?"

Nilisimama pale Kiomboi na mkate kwapani, nikaanza kuhesabu. Mafundi watano, mtungi mmoja, na Anjela ameandika mitano. Na kama ni hivyo kwa hawa, vikundi vingine vya kaskazini navyo ni hivyo hivyo. Namba zake zote zilikuwa zimevimba. Nataka niwaambie nilichokisikia moyoni, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Sikusikitika. Nilifurahi. Nilijisikia mwepesi kuliko siku yoyote tangu alipoletwa karakana.

Wiki iliyofuata Anjela alinijia na karatasi zote, zake na zangu, mistari ameichora kwa penseli, inavutia hata kuitazama. Akaweka kidole kwenye namba zangu.

"Kaka Hamisi, za kwako ni ndogo sana ukilinganisha na zangu. Unaona sababu yoyote?"

Aliniuliza hivyo, kwa mdomo wake, mchana, tukiwa wawili tu. Nafasi ya kusema ilikuwa mbele yangu kama sahani ya chakula.

"Huku kwetu viyoyozi ni vichache," nikasema. "Kwenu ndiko kuna ofisi mpya."

"Sawa kaka. Wewe ndiye unayewajua mafundi. Nakuamini."

Nikaweka sahihi penye neno mhakiki. Makisio yangu yalikuwa kwamba kosa litaonekana ndani ya miezi michache, Anjela ataaibika, mzee ataniita mimi kulirekebisha, na mashine itarudi upande wetu. Katika makisio yote niliyowahi kufanya kwenye kazi hii, hayo ndiyo mabovu kuliko yote.

Mzee Msengi alistaafu kabla hata majibu hayajarudi kutoka wizarani. Tulipika pilau uwanjani kwa karakana. Baada ya kula alisimama na kile kisanduku cha mbao. Nilikuwa nimevaa shati jipya, nimekaa mbele. Akasema, "Geji hizi nampa Anjela." Watu wakapiga makofi. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hamisi, wewe huzihitaji."

Nilipiga makofi na mimi. Viganja viliniuma. Lile neno nililibeba miaka mingi, kila nikiliweka chini linanirudia. Sizihitaji kwa sababu gani, kwa kuwa sitakuwa fundi wa maana? Mzee hakuliongezea neno lingine, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimevimba, na mtu aliyevimba haulizi maswali.

Mashine ikaja. Ikapelekwa Nduguti, kwa kuwa mstari wa kaskazini ulikuwa umepanda juu mno. Nilipofika Mungaa, Saidi alikuwa nyuma ya bucha anabadilisha kompresa. Amefungua bomba, gesi yote inatoka hewani kwa mluzi, yeye amegeuza uso pembeni.

"Saidi, unaiachia?"

"Nitainyonya na nini? Kwa mdomo?" Hakuwa amekasirika, ndicho kilichonishinda. "Ulisema mashine inakuja huku. Kona bado naifagia."

Nikamjibu eti makisio ni ya Anjela, akamuulize yeye. Nilisimama pale mpaka ule mluzi ukaisha. Nilijua badala ya kile kilichotoka kitanunuliwa kingine, na kitakachonunuliwa kitapikwa, na kikipikwa kuna kingine kitaachwa. Mhandisi alitueleza vizuri sana. Nilijua na niliendelea kukaa kimya.

Nikawa nasubiri aibu ya Anjela. Kila mwaka tulipeleka taarifa ya gesi iliyotumika kweli, na kila mwaka kaskazini ilikuwa chini mno ya mstari wake, kwa sababu mstari ulijengwa juu ya mitungi isiyokuwepo. Nikasema mwaka huu wataona. Wakaona. Ikaja barua ya pongezi. Eti mkoa umefanya kazi kubwa, matumizi yameshuka kuliko ilivyokisiwa, mafundi wa kaskazini wamebadilika. Wageni wakaja kujifunza. Walimpiga Anjela picha akiwa pembeni ya ile mashine. Kwenye picha hiyo mimi nipo, ndiye niliyeshika kitambaa cha kuifunikia. Ipo ukutani karakana mpaka leo, mkiitazama mtaniona nimekunja uso.

Nilitaka kupasuka. Nilimchimbia shimo, akasimama juu ya kifusi akaonekana mrefu. Na sikuweza kusema, maana kila mwaka uliopita sahihi yangu ilizidi kuwa nzito chini ya jina lake.

Aliligundua mwenyewe. Alikwenda Nduguti kukagua bila kuwapigia simu, akakuta mashine imefunikwa vumbi na kuku ametaga juu yake. Akamuuliza Kiula kwa nini haifanyi kazi. Kiula akamwambia, "Dada, itunyonyee gesi gani? Sisi wote watano tuna mtungi mmoja." Safari hiyo Anjela hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza mpaka mchana ukageuka.

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya meza yangu. Nilikuwa nakata bomba la shaba.

"Kaka Hamisi, uliwahi kusikia habari za mtungi wa kiganja cha bluu?"

"Mtungi gani huo?"

Alinitazama. Nikaendelea kukata. Mkasi wa bomba ukishaanza kuzunguka una kisingizio kizuri cha kutoinua macho.

"Sawa kaka," akasema, akaondoka.

Miezi kadhaa baadaye Kiula aliniambia kwamba siku ile alimweleza yote, mpaka ile simu yangu ya Kiomboi. Kwa hiyo aliponiuliza, alikuwa anajua. Alinipa nafasi ya pili, na ya pili nayo nikaitupa.

Aliandika karatasi ya masahihisho, kurasa mbili. Aliandika kwamba mitungi ilihesabiwa mara nyingi, mashine imewekwa pasipostahili, na kosa ni lake. Mahali pa mhakiki aliacha wazi, akaandika chini: mhakiki hakuonyeshwa fomu za kaskazini. Nilionyeshwa. Nilizishika zote kwa mikono hii. Kule wizarani walimsifu kwa uaminifu wake, wakamwita awafundishe watu wa mikoa mingine namna ya kuhesabu. Mashine ikahamishiwa Mungaa. Saidi akamchinjia kuku, yeye na mafundi wenzake wakakaa naye chini, wakala naye sahani moja. Saidi wangu. Mlenda wangu. Hata kosa langu, kitu pekee katika kazi ile yote ambacho kilikuwa changu peke yangu, alikichukua akakifanya chake, na akakibeba vizuri kuliko ambavyo ningekibeba mimi.

Mwezi uliopita mliniaga. Pilau ilikuwa nzuri, ingawa aliyepika alisahau bizari. Wengi wenu mlipoondoka, Anjela alibaki, akaja na kile kisanduku cha mbao akakiweka mezani.

"Hizi ni zako, kaka."

"Mzee alisema sizihitaji."

"Ndiyo. Siku aliponipa aliniambia kwa nini." Akakifungua, fulana ya mzee bado imo. "Alisema, mafundi wanamwambia Hamisi kila kitu. Wewe watakupa kiti na soda. Basi chukua geji, angalau wakikuona nazo wakuone fundi. Na usiandike karatasi yoyote bila Hamisi kuipitia, kwa maana yeye atasikia ambayo wewe hutaambiwa."

Nilikaa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Nilidhani unajua," akasema. "Alikuwa akisema kila siku ukiwa safarini. Mimi nilikuwa nakuonea wivu."

Hakuutaja mtungi. Alinisubiri, nadhani, kwa muda ambao chai inapoa, na mimi nikazungumzia basi la kurudi Mungaa. Nafasi ya tatu hiyo.

Basi vijana, kanuni mtazikuta kwenye droo. Mimi nawaongezea mbili. Mkihesabu, msiulize mtu ana mitungi mingapi. Ulizeni umetoka kwa nani na unakwenda kwa nani, na mkae chini wakati mnauliza. Na mkiombwa kuhakiki kazi ya mwenzenu mnayemwonea wivu, mpeni mtu mwingine ahakiki, au semeni mlichokiona siku hiyo hiyo, kabla hamjameza chakula cha mchana.

Geji nimezirudisha. Saidi anazileta pamoja na daftari hili, msimruhusu azishikeshike. Zikae karakana mpaka mnifanyie jambo moja. Fungueni faili la masahihisho, ukurasa wa pili, pale penye nafasi ya mhakiki iliyo wazi. Futeni yale maneno ya chini, mwandike: Hamisi alionyeshwa fomu zote, aliujua mtungi, aliulizwa mara mbili, alinyamaza kwa wivu. Kisha nileteeni niweke sahihi, na geji nitazichukua siku hiyo.

Aandike mmoja wenu, yeyote. Ila msimpe Anjela. Kwa mwandiko wake ule, hata kosa langu litaonekana ni kazi safi.